Watu Arobaini na Mmoja Walioyapinga Maji Yangu

Jibuni hili kabla kahawa haijapoa. Kitu changu mwenyewe, nimekirithi kihalali, kinapita mbele ya mlango wangu kila siku kikiimba, nakiona, nakisikia, lakini siku isiyo yangu nikichovya hata kikombe naitwa mwizi. Ni kitu gani?

Na wewe uliyekaa nyuma hapo, usiniambie ni mume wa jirani.

Ni maji ya mfereji. Hapa Ojo Manso kila nyumba ina zamu yake, na yangu ni Alhamisi, tangu jua linapochomoza mpaka adhuhuri. Mume wangu Fidencio, Mungu amlaze pema, hakuniachia mengi. Aliniachia shamba la bondeni na hiyo Alhamisi.

Kwa waliokosa gazeti la wiki iliyopita: miaka minne nyuma mto ulifurika ukanimwagia shambani mawe ambayo sikuyaagiza. Goti langu la kulia likakataa kata kata kuteremka kule bondeni. Na sheria ya jimbo letu inasema maji yakikaa miaka minne mfululizo bila kutumika, mwenyewe anaweza kunyang'anywa. Basi nikajaza fomu ya serikali, naomba kuyahamisha maji yangu kutoka bondeni hadi kwenye kibustani nyuma ya jiko, nipande pilipili zangu pale, nizimwagilie huku nimevaa ndara. Niliwaacha pale nilipokuwa nalamba stempu, nikawaahidi kwamba mbele kuna dhambi.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Msicheke kabla sijamaliza, maana mimi mwenyewe sikucheka.

Barua ilikuja Jumatatu. Niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa.

"Ombi lako limetangazwa gazetini wiki tatu, kama sheria inavyotaka. Limepingwa na watu arobaini na mmoja. Kutakuwa na kikao."

Arobaini na mmoja! Ojo Manso nzima, ukitoa watoto na mbwa, haifiki watu hamsini.

Nilijifunga shali, nikachukua fimbo yangu, nikaenda moja kwa moja kwa Onofre Trujillo. Onofre ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfereji, na karatasi zote za maji huwa zinapita mikononi mwake.

"Onofre! Toka nje nikuone macho!"

"Bibi Quila! Karibu, karibu. Umekula?"

"Sijaja kula. Nimekuja unitajie wasaliti."

"Wasaliti gani tena?"

"Walionipinga! Watu arobaini na mmoja, Onofre. Nusu yao nimewapokea kwa mikono hii hii walipotoka tumboni mwa mama zao. Wewe mwenyewe ulitoka umetanguliza miguu, nikakugeuza. Bora ningekuacha."

Onofre akachukua barua. Akaisoma taratibu, mdomo unacheza. Alipofika penye namba ya ombi ukaacha kucheza.

"Bibi, hii namba..."

"Ina nini?"

Akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kutafuta karatasi. Akatoka ameishika kama mtu aliyeshika panya mkiani.

"Hili ndilo lile la Jumapili. Lile tulilotia saini baada ya misa, juu ya boneti ya pikapu yangu."

Hapo ndipo inabidi niungame, wasomaji wangu, na mnivumilie.

Kuna mwaka wenye hoteli walitaka kununua maji ya bonde la juu ili wamwagilie uwanja wao wa gofu. Nusura wayapate. Toka mwaka ule tuna desturi. Tangazo la mtu anayetaka kuhamisha maji likionekana gazetini, Onofre ananakili namba, anatandika karatasi ya pingamizi juu ya boneti, na kila atokaye kanisani anasaini. Hatumuulizi ni nani. Kusoma ni kwa mtu mwenye wasiwasi, na sisi kwenye maji hatuna wasiwasi hata kidogo, sisi tunapinga tu.

Na hata ningesoma! Lile tangazo lilisema "robo ya kaskazini mashariki ya robo ya kusini magharibi ya kipande cha kumi na tisa." Nani atalijua shamba lake la maharage na matufaha akitajiwa hivyo? Na jina, walilolitoa kwenye hati, lilikuwa "María T. Lucero, mjane wa Sandoval." Mara ya mwisho kuitwa María nilikuwa nabatizwa, na nilikuwa nalia, sikusikia.

"Jina la kwanza ni la nani?" nikamuuliza Onofre. Jibu nilikuwa nimeshalijua.

Akaigeuza karatasi. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, na mistari miwili chini yake: TRANQUILINA LUCERO.

Pembeni kuna nafasi ya kuandika sababu ya kupinga. Wengine wote waliiacha wazi. Mimi niliandika: "Huyu ni mlafi. Ashindwe."

"Na ulisimama juu ya ngazi za kanisa, Bibi," Onofre akasema kwa sauti ndogo. "Ukasema, 'Sainini, sainini, leo maji, kesho watakuja kuchota hata mate!'"

"Nakumbuka."

"Na mzee Abrán alipokataa kwa sababu haoni, ulimshika mkono ukamsaidia."

"Nimeshasema nakumbuka, Onofre! Wewe kwa nini hukunizuia?"

"Na mimi sikusoma."

"Wewe ni mwenyekiti!"

"Ndiyo maana sikusoma, Bibi. Mwenyekiti anatakiwa asaini wa pili."

Nikakaa kwenye ngazi zake. Mkewe akaniletea uji wa mahindi ya buluu. Nikaunywa. Msiba hauzuii uji.

Kesho yake nikapiga simu kwenye ofisi ya maji ya jimbo. Akapokea karani mwenye sauti ya upole sana, sauti ya mtu anayelipwa ili asikasirike.

"Habari yako, mama. Wewe ni muombaji au mpingaji?"

"Vyote viwili."

Nikasikia kalamu ikianguka.

"Samahani?"

"Mimi ndiye niliyeomba, na mimi ndiye wa kwanza kunipinga."

"Na sasa hivi," akasema polepole, "naongea na yupi kati yenu?"

"Na yule mwenye akili. Yule mwingine nimemfungia chumbani."

Nikasikia ameziba simu kwa kiganja. Aliporudi sauti ilikuwa inatetemeka kidogo. Akanieleza vizuri: kila aliyepinga anaweza kuliondoa pingamizi lake kwa maandishi. Wakiliondoa wote, hakuna mgogoro. Akibaki hata mmoja, kikao kipo palepale, na mwamuzi atakuja Ojo Manso baada ya siku kumi.

Barua yangu ya kuondoa niliiandika palepale: "Mimi niliyepinga naona aibu mbele ya mimi niliyeomba. Naondoa." Wakabaki arobaini.

Sasa, kwetu huwezi kuingia nyumba ya mtu ukaanza na shida yako. Unakaribishwa, unakaa, unakula, unauliza hali ya kila aliye hai na sababu ya kila aliyekufa. Ndipo unasema kilichokuleta. Nyumba kumi na tisa, wasomaji wangu, kwa siku nne, kwa goti moja. Na ilikuwa msimu wa kusafisha mfereji, kila jiko lilikuwa na sufuria ya mahindi na nyama ya nguruwe kwa ajili ya wanaume wenye sepeto. Nyumba ya kwanza nilikula kwa furaha. Ya tano nilikula kwa adabu. Ya kumi na moja niliona mahindi yananitazama.

Na vicheko je! Kwa akina Trujillo wa ng'ambo walicheka mpaka bibi yao akatema meno. Kwa akina Maés walikataa kusaini kuondoa mpaka niwategee kitendawili. Nikawategea: "Kichwa changu kimoja, ulimi wangu mmoja, lakini nimejitukana na nimejijibu." Walikaa nusu saa hawajui. Nikasema nipeni mji, wakanipa. Nikawapa jibu, nikawaambia sasa nipeni saini.

Mzee Abrán nilimkuta kitandani.

"Mzee wangu, nimekuja ile saini yako uiondoe."

"Nilisaini kwa sababu ulinishika mkono."

"Ndiyo, mzee."

"Basi nishike tena, tumalize, nilale."

Jumamosi nikawa na karatasi thelathini na tisa kwenye mkoba. Imebaki moja. Nadhani hamhitaji kuambiwa ya nani. Kila mwenye wifi ameshajua.

Wifi yangu ni Eufelia Sandoval, dada yake Fidencio, hajaolewa, anaishi nyumba ya mwisho kabla ya mteremko wa bondeni. Ana miaka sabini na minne. Hajawahi kusema uongo, na hilo ndilo tatizo lake. Siku ya msiba wa Fidencio, watu wamejaa, mimi ndio kwanza mjane wa saa sita, Eufelia alionja maharage yangu, akaweka kijiko chini, akatangaza: "Hayajaiva."

Yalikuwa hayajaiva. Lakini ndiyo siku ya kusema?

Tukaacha kusemezana siku ile. Miaka tisa. Kanisani yeye kulia, mimi kushoto. Akiwa na jambo la kuniambia anamwambia paka wake mbele yangu. Paka anaitwa Askofu kwa sababu ni mnene na haguswi.

Nilibisha. Akafungua. Akanitazama, akamtazama paka.

"Askofu, kuna mgeni. Mwambie apite, goti litamuua hapo barazani."

Nikapita. Nikakaa. Akaniwekea sahani bila kusema neno. Nikala. Chakula kilikuwa kimeiva vizuri sana, na alihakikisha nimeona kwamba kimeiva.

"Askofu," nikasema, "mwambie mwenye nyumba kwamba kulikuwa na makosa pale kanisani. Sisi wote tulisaini bila kusoma. Wenzake thelathini na tisa wameshaondoa. Namletea kalamu."

"Askofu, mwambie mgeni kwamba thelathini na tisa hao hawakusoma. Mimi nilisoma."

Nikaacha kutafuna.

"Muulize alisoma nini."

"Mwambie nilisoma tangazo lote, wiki ya kwanza, wiki ya pili na wiki ya tatu. Robo ya kaskazini mashariki ya robo ya kusini magharibi. Shamba la baba yangu nitaacha kulijua? Nilijua ni yeye. Na nilisaini nikiwa na miwani."

"Askofu, muulize huyu mwanamke nimemkosea nini hata aninyang'anye maji kwenye uzee wangu!"

"Askofu, mwambie huyu mwanamke apunguze sauti, atakutoa mimba."

"Askofu ni dume!"

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia yeye mwenyewe kwa miaka tisa, na yalikuwa yanahusu jinsia ya paka.

Akasimama akafungua mlango.

"Askofu, mwambie sababu nitaisema kikaoni, kwa kiapo. Na ateremke ngazi kwa uangalifu, ya pili imelegea."

Siku ya kikao, ukumbi wa kanisa ulijaa kuliko Ijumaa Kuu. Theluji ya mlimani ilikuwa inayeyuka, nje matope, ndani harufu ya viatu. Wote walioondoa mapingamizi yao walikuja. Walisema wamekuja kuniunga mkono. Walikuja na vyakula, kama watu wanaokuja kutazama mashindano ya farasi.

Mwamuzi alikuwa mwanamke mrefu, Bi Halvorsen, ametoka mjini asubuhi hiyo, sketi yake imetapakaa matope mpaka magotini na hakuonekana kujali. Nilimpenda kwa hilo. Akaniapisha. Padri alikuwa amekaa mstari wa pili, akanitazama nilivyoinua mkono, akanitikisia kichwa.

"Bibi Lucero," akaanza, "kwenye fomu yako, penye 'matumizi ya maji kwa sasa', umeandika maneno mawili. 'Hakuna. Goti.' Ulikuwa na maana gani?"

"Maana ya goti, mwanangu. Hili hapa. Halishuki."

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka, lakini kalamu yake ilicheza.

"Nakuuliza vizuri, kwa sababu ni swali kubwa kuliko lile la kuhamisha. Huwezi kuhamisha haki ambayo imekufa. Maji haya yametumika kwenye shamba hili katika miaka minne iliyopita, ama hayakutumika?"

Hapo vicheko vikaisha. Nikaona Onofre ameshika kichwa. Kumbe kwa siku zote zile nilikuwa nahangaika na saini, na kumbe kaburi nilishalichimba mimi mwenyewe kwa maneno mawili ya fomu.

Nilikuwa nimeapa. Padri yuko pale.

"Mimi sijashuka bondeni tangu mafuriko," nikasema. "Sijamwagilia hata jiwe."

Bi Halvorsen akaandika. Kila herufi aliyoandika niliisikia. Ile Alhamisi ya Fidencio, na ya baba yake, na ya babu yake aliyechimba mfereji kwa sepeto ya mbao, inakwenda hivyo, kwa kalamu ya wino wa buluu, mbele ya watu wanaokula maandazi.

"Mimi nina daftari," mtu akasema nyuma.

Alikuwa Melecio Chacón. Melecio ndiye mnyapara wetu wa mfereji. Yeye ndiye anagawa zamu, anawapa wenye zamu funguo za malango ya maji, na kila lango linalofunguliwa analiandika. Ana funguo za malango ishirini na mawili, na mlango wa nyumba yake haufungi. Akaja mbele amevua kofia, akaweka daftari mezani, daftari lenye matope ya miaka mingi.

"Lango la Sandoval, bondeni," akasoma. "Alhamisi. Limefunguliwa jua linachomoza. Limefungwa adhuhuri." Akafunua. "Alhamisi. Limefunguliwa. Limefungwa." Akafunua. "Alhamisi..."

"Melecio," nikasema, "umekunywa?"

"Dada Quila, sijagusa tone tangu Kwaresima ianze."

"Mwaka gani huo unaousoma?"

"Huu ni mwaka jana. Na mwaka juzi. Na ule wa kabla yake. Miaka yote minne, kila Alhamisi ya msimu. Haijarukwa hata moja."

Nikawa sielewi. Kila Alhamisi nilikuwa nasikia maji yanapita mbele ya mlango wangu, ndiyo. Nilidhani yanakwenda kwa majirani wa chini. Nilikuwa nayasikiliza nikisema moyoni, nendeni tu, mwenyewe nimezeeka.

"Nani alilifungua?" Bi Halvorsen akauliza.

Melecio akaanza kuizungusha kofia yake.

"Mimi naandika lango. Siandiki mtu."

"Lakini ulimwona."

Kofia ikazunguka mara ya pili.

"Niliahidi," akasema.

"Onofre!" nikamaka. "Ni wewe! Ulikuwa unayapeleka kwenye majani ya ng'ombe wako!"

"Bibi, mimi Alhamisi nalala!"

"Tulieni." Bi Halvorsen hakupaza sauti, lakini tulitulia. "Naomba mnielewe wote. Kama mwenye haki alimwagilia shamba hilo, au alimtuma mtu akamwagilie kwa niaba yake, haki iko hai, na ombi linaendelea. Lakini kama mtu alifungua lango hilo bila kutumwa, hayo ni maji yaliyochukuliwa, na itabidi niandike hivyo. Na jina lake."

Hamjui hilo neno lina uzito gani kwetu. Mtu anaweza kuchoma ghala, anaweza kutoroka na mke wa mnyapara, na wajukuu zake wakaishi vizuri. Lakini mwizi wa maji! Kuna ukoo hapa, babu yao aliiba zamu moja tu, moja, kabla sijazaliwa, na mpaka leo binti yao akiposwa watu wanakohoa.

Hakuna aliyetafuna.

Halafu kiti cha mbele kikalia, na wifi yangu akasimama.

"Ni mimi," Eufelia akasema.

Alikuwa amevaa shali yake nyeusi ya misiba. Mgongo wake umepinda, na bado alionekana mrefu.

"Kaka yangu alipanda miti ya matufaha kumi na minane kule chini. Mafuriko yaliizika kumi na mmoja. Saba ilikuwa na vichwa nje ya mawe. Nikayaondoa mawe. Kwa mikono, moja moja, msimu mzima. Halafu nikafungua lango." Akakaza shali yake. "Kila Alhamisi, ilikuwa zamu yake. Na ndiyo sababu yangu ya kupinga, mwanangu, andika. Maji yakipandishwa kwenye pilipili za huyu, ile miti itakufa. Nimemaliza."

Akakaa.

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Miti saba hai, na mimi mke wa mtu nilikuwa naililia kwamba imekufa yote. Nilimtazama mikono. Miaka tisa nakaa kushoto kanisani, sikuwahi kuiona ile mikono. Kucha mbili hazikuwepo.

Lakini Bi Halvorsen alikuwa bado ana kalamu.

"Nani alikutuma?"

Eufelia akainua kidevu, akakaza mdomo. Nawaambieni, hajui kudanganya. Kila Jumamosi anakwenda kuungama, na padri aliwahi kuteleza akasema anaungama mpaka dhambi za paka.

Bi Halvorsen akangoja. Halafu akanigeukia mimi.

"Bibi Lucero. Bado uko chini ya kiapo. Ulimtuma?"

Wajukuu zangu wa gazeti, ninyi mngesema nini?

Nikisema hapana, maji yamekwenda, pilipili zimekwenda, Alhamisi imekwenda, na dada yake Fidencio ataandikwa mwizi kwa wino wa buluu. Nikisema ndiyo, nimedanganya nikiwa nimeinua mkono, padri ananitazama, mbele ya watu wanaojua wote, kuanzia mzee Abrán mpaka mtoto wa mgongoni, kwamba mimi na huyu mwanamke hatujasalimiana miaka tisa, sembuse kutumana.

Hii ndiyo dhambi niliyowaahidi toka wiki ya kwanza. Sikuwaza sana. Ningewaza, ningeshindwa.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimtuma."

Onofre akapaliwa na andazi. Melecio akavaa kofia yake, akaivua. Padri akainua macho darini, akayaacha hukohuko. Watu wote waliobaki wakaanza kutazama viatu vyao kwa makini, kana kwamba wamevinunua asubuhi ile.

"Amesema nini?" mzee Abrán akauliza kwa sauti.

"Nyamaza, mzee," watu kama kumi wakamjibu.

Bi Halvorsen alitutazama mmoja mmoja. Si mjinga yule. Akaigeuza karatasi yake ukurasa mpya, akamgeukia wifi yangu, na akauliza polepole, kama mtu anayeweka yai mezani:

"Mama Sandoval, nitakuuliza mara moja tu, na wewe nitakuapisha kama nilivyomwapisha yeye. Ni kweli alikutuma?"

Eufelia akasimama tena. Akainua mkono, akaapa.

Maji ya theluji yalikuwa yanadondoka kwenye bati la nje. Nikayahesabu matone. Nilipofika kumi na nne nikaacha, moyo ulikuwa unanichanganyia hesabu.

Akanigeukia. Akanitazama machoni, na yale macho yalikuwa ya Fidencio matupu, nilikuwa nimesahau kwamba walifanana. Mdomo wake ukafunguka, ukafunga. Akavuta pumzi kama mtu anayeinua jiwe.

"Ni kweli," akasema, bado ananitazama mimi. "Kumwagilia alinituma. Kuiacha ile miti ikauke hajanituma."